Miguu Minne ya Stabilaiza

Mtu akikuambia Nasma Kombo alizaliwa na ufundi wa umeme mkononi, mwambie aende zake. Nasma alizaliwa Tongoni, katika nyumba ambayo taa yake kubwa ilikuwa chemli, na mpaka anaolewa Chumbageni alikuwa hajawahi hata kubadilisha globu. Kilichomtia kwenye umeme ni friji. Tena si moja, mbili, na zote mbili marehemu.

Alikuwa akiuza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju, biashara ya kibarazani, watoto wa shule wakitoka wanapanga foleni. Sasa umeme wa mtaa wao una tabia zake. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, unashuka mpaka taa zinapata rangi ya chai. Ukikaa kidogo unapanda kwa kishindo kama mtu aliyesahau kitu ndani. Friji ya kwanza ilikufa Ramadhani, kumi la kati, na juisi za watu tumboni. Ya pili haikumaliza hata mwaka. Fundi aliyeitwa akaichungulia kwa nyuma, akatikisa kichwa, akasema ingekuwa na stabilaiza, kile kisanduku kinachoupokea umeme wa hovyo na kuutuliza kabla haujaingia kwenye friji, isingekufa.

"Kinautulizaje?" Nasma akauliza.

"Aa, mama, hayo mambo ya mafundi," jamaa akajibu, akacheka.

Loo! Bwana yule hakujua amechokoza nyuki. Wiki iliyofuata Nasma, mwanamke wa miaka arobaini na tano, mama wa Tausi aliyekwisha kuolewa Pangani, alikuwa ameketi kwenye dawati la chuo cha ufundi upande wa Raskazone, kozi ya jioni ya watu wazima, baibui limepigwa pasi, daftari jipya, kalamu mbili. Ya pili, alisema, ni ya akiba, asije akajipatia kisingizio.

Mumewe, Mudathir, ni Mdigo, muuza kahawa. Ana birika la shaba, ana sinia la kashata, na ana maneno kuliko vyote viwili. Siku aliposikia habari za chuo alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Yakhe, mke wangu anakwenda kusomea radi!" akawatangazia wateja. Lakini kicheko kile kisikudanganye. Yeye ndiye aliyekuwa akimbakizia Nasma chakula, amekifunika vizuri, na mteja akimuuliza kwa kejeli mkeo yuko wapi saa hizi, anamjibu kwamba yuko kikaoni. Mudathir alimpenda mkewe mapenzi mazito, ila hakujua ayatumie wapi, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko waya ulio wazi.

Darasani Nasma akapata pacha. Imakulata, mpishi wa shule, Mkatoliki wa Muheza, babu yake aliletwa toka Unyamwezini kuja kukata mkonge na hakurudi tena. Mama yake Nasma alikuwa Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani toka enzi. Kwa hiyo siku ya kwanza tu, kabla hata hawajaulizana majina vizuri, Imakulata alimwangalia juu mpaka chini akasema, "Mzigua na umeme wapi na wapi? Nyie mkiona taa si mnakimbia, mnadhani macho ya chui?"

"Na wewe," Nasma akamrudishia, "babu yako katembea kwa miguu toka Tabora kufuata majani yenye miiba, leo unifundishe mimi volti?"

Wakacheka, wakakaa dawati moja, wakaandikishwa mradi mmoja: stabilaiza ya nyumbani.

Mwalimu wao, Wilfred, Mlutheri wa milima ya Lushoto, alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa waya. Hapo alikuwa mkali kama mama mkwe. "Umeme hauna shemeji," ndilo neno lake. "Haujali unamjua nani. Pima kabla hujawasha. Ukishapima, tilia shaka. Ukiwa karibu na umeme ulio hai, mkono mmoja nyuma, usije ukaingia mkono huu ukatokea mkono ule, ukapita kwenye moyo." Basi wanafunzi wake wote walikuwa wakifanya kazi mkono mmoja mgongoni, karakana nzima unaweza kudhani ni mkutano wa wakaguzi.

Miezi minne walijenga. Walipata transfoma yenye ngazi kadhaa, na bodi ndogo inayopima umeme unaoingia. Umeme ukija mdogo, bodi inachagua ngazi ya kuupandisha. Ukija mkubwa, inachagua ya kuushusha. Na kila ikichagua, unasikia "tak" ndani ya sanduku la chuma. Nasma ndiye aliyechomelea bodi kwa solda. Imakulata ndiye aliyepanga nyaya, wa moto wa kahawia, nyutro, ule wa kurudishia umeme, wa buluu, wa ardhini wa kijani na njano, zimelala sambamba kama ukili. Wakiunganisha wanafungua, wakifungua wanaunganisha tena. Mwalimu alikuwa akipita anavuta kila waya kwa kidole, na ukichomoka, ole wako.

Na hapa sikiliza vizuri, maana ndipo roho ya Nasma ilipokuwa imening'inia. Kozi ile ya jioni ilikuwa inafungwa mwaka huohuo. Jumatatu mtahini anakuja kutoka nje; ukifaulu unapata cheti, unaruhusiwa kuitwa kwenye nyumba za watu, unakuwa fundi. Usipofaulu, hakuna pa kurudia. Umri umekwenda, kozi imekwenda, unarudi kibarazani kwako kusubiri mwanamume mwingine aje akuambie hayo mambo ya mafundi. Na kulikuwa na sheria moja imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: mradi ulioguswa na mkono wa nje si mradi wenu.

Jumamosi walipima kila kitu karakanani kwa mita, mbele ya mwalimu. Waya wa moto na bati la sanduku, hakuna mawasiliano, mita kimya. Nyutro na bati, hakuna. Nasma akaandika kwenye daftari la majaribio: "Salama." Likabaki jaribio la nyumbani, ambalo chuo kinalidai, la kuiendesha na friji ya kweli. Friji yenyewe ilikuwepo, ya tatu, iko ndani bado imevaa nailoni yake. Nasma aliapa haitaonja umeme wa mtaa kabla stabilaiza haijakamilika. Wakaipakia stabilaiza kwenye bajaji, Nasma ameipakata toka Raskazone mpaka Chumbageni, dereva anakwepa mashimo kwa heshima kama amebeba mzazi.

Jumapili, Imakulata alipotoka misani, alikuta uwanja wa Nasma umejaa. Nani aliwaita? Mudathir, nani mwingine! Toka alfajiri kila kikombe cha kahawa alikitoa na tangazo. Mbele kabisa ameketi Bi Chiku, jirani wa ukuta mmoja, bingwa wa vigelegele mtaa mzima. Harusi isiyokuwa na Bi Chiku watu husema ilikuwa kikao tu.

Stabilaiza ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma alichokitoa Bi Chiku mwenyewe, kinafika chini pande zote. Nasma akataka kukiondoa. "Ngoja!" Mudathir akaruka. Akasafisha koo, akashika ncha mbili, akakivuta kama anamfunua bibi harusi.

Jamani! Sanduku lilikuwa na miguu. Miguu minne ya mvule, imechongwa kwa kerezo, ina vifundo viwili viwili, imepakwa vanishi mpaka unajiona. Uwanja mzima ukasema "Aaa!" Mudathir akashika kiuno. "Kitu cha mke wangu," akasema, "hakiwezi kulala chini kama tenga la samaki."

Nasma machozi yalimlenga. Mwaka mzima alikuwa akijiuliza kama mtu huyu anamcheka au anamwombea, kumbe amekwenda kwa seremala akakaa, akachagua mti, akasubiri vanishi ikauke. Moyo ulimjaa mpaka akasahau kila kitu. Imakulata naye alikuwa hoi kwa kicheko: "Mzigua katengeneza stabilaiza, Mdigo kaifanya kitanda!" Wakacheka wote, wakapeana mikono, wakaizunguka meza wakiisifu, na katika furaha ile hakuna hata mmoja kati ya wale mafundi wawili aliyejiuliza kwamba miguu hufungwa kwa skrubu, na skrubu zina urefu.

Walianza na taa ya kupimia. Hiyo ni globu ya zamani ya wati mia, imefungwa kwenye ubao, na umeme haufiki kwenye mashine mpaka upite kwanza kwenye globu. Mwalimu Wilfred aliiita bawabu. Kama mashine ina hitilafu, umeme unakimbilia pale penye kosa, globu inawaka yote, kali kabisa, lakini inauzuia usilete moto. Kama mashine ni nzima, globu inameta mara moja, halafu inafifia. Yaani ikiwaka sana, msiba, ikizimika, harusi. Fundi yeyote anajua hivyo. Lakini uwanja ule ulikuwa na mafundi wawili tu, na Nasma kwa kiherehere chake aliwaambia watu sentensi moja: "Itazameni globu hii, itasema yote." Hakuwaambia itasemaje.

Akavaa raba zake kavu. Akaweka mkono wa kushoto mgongoni. Akasema bismillahi, Imakulata akapiga ishara ya msalaba, swichi ikabonyezwa.

Globu ikawaka waaa! Ikawaka kama jua la saa saba.

Bi Chiku akapiga kigelegele ambacho naamini Raskazone kilisikika. Wanawake wakaitikia. Mmoja akachukua sinia la kashata akaligeuza ngoma, kashata chini. Kanga zikafunguliwa, "mcheza kwao hutunzwa," Nasma anatupiwa kanga begani na yeye amesimama ameganda, uso umemwisha damu. Mudathir machozi yanamtoka. "Imewaka! Wallahi imewaka, mke wangu!" akanyoosha mikono miwili kuikumbatia stabilaiza.

"USIGUSE!"

Sauti ile Nasma mwenyewe hakuijua. Akazima swichi, akachomoa plagi, akasimama kati ya mumewe na meza amepanua mikono. Sinia likanyamaza.

"Mbona unaizima neema?" Bi Chiku akauliza.

"Si neema, Bi Chiku, ni balaa! Ingekuwa nzima ingefifia!"

"Taa ififie ndiyo iwe nzima?" Bi Chiku akawageukia wenzake. "Mwana huyu kasoma mpaka kapitiliza."

Imakulata akanong'ona, "Asiyejua maana haambiwi maana." Alichukua mita, ncha moja kwenye waya wa moto, ncha nyingine kwenye bati. Mita ikalia piiii. Jana ilikuwa kimya, leo inalia. Wakatazamana. Kisha wote wawili, polepole, wakaitazama miguu.

Wakaipindua stabilaiza, wakafungua kifuniko. Hee! Skrubu ndefu kama kidole cha shahada, imepenya bati, imepita chini ya transfoma, imeuchoma waya wa kahawia ganda mpaka shaba. Umeme ulikuwa unatoka kwenye waya, unapanda skrubu, unaingia kwenye sanduku. Bila waya wa ardhini kuuchukua na bila bawabu kuuzuia, Mudathir angekumbatia kifo kwa mikono miwili, vigelegele vikimsindikiza.

"Ulifunga lini?" Nasma akauliza.

"Jana, ulipokwenda kwa dada yako." Sauti ya Mudathir imekuwa ndogo. "Seremala alinipa skrubu fupi, mimi nikaona hazifai. Nilitaka ikae imara."

Hasira ilimpanda Nasma, hofu ikampanda juu ya hasira, akampiga mumewe na ile kanga ya kutunzwa. "Ungenifia! Ungenifia, Baba Tausi, mbele ya Bi Chiku!"

"Kwani kufa mbele yangu kuna ubaya gani?" Bi Chiku akauliza, ameudhika kweli.

Basi hapo ikawaponyoka. Imakulata ndiye wa kwanza, akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, Nasma akafuata, huku bado analia. Mudathir aliyekuwa hajui kama ameachwa au amesamehewa naye akacheka kwa tahadhari.

Walimkalisha kwenye ngazi ya mlango, mbali, mikono chini ya mapaja kama mtoto wa madrasa. Wakang'oa miguu. Wakauondoa waya ule wote, wakaweka mpya, wakazipanga nyaya upya, wakapima. Wakapima tena. Imakulata akapima mara ya tatu akisema hiyo ni ya Utatu. Mita kimya. Safari hii Nasma akataka kuwaeleza watu kuhusu globu, lakini mkono ulikwishatangulia kwenye swichi.

Globu ikameta, ikawa nyekundu, ikafifia, ikazimika.

"Innalillahi," akasema mtu nyuma. Bi Chiku akashika tama. "Pole, mwanangu. Pole sana. Ya Mungu mengi," akaja kumkumbatia, akakuta Nasma na Imakulata wameshikana mabega wanaruka-ruka, wanazunguka, mkoba wa misa wa Imakulata unapepea, wanapiga kelele kama wasichana wa kidato cha kwanza. Watu wakaanza kuwaonea huruma. Mmoja akasema maskini, imewapanda kichwani.

Wakaondoa bawabu, wakaijaribu kwanza na taa ndogo, kisha wakaichana nailoni ya friji. Friji ikakohoa, ikanguruma, ikatulia. Na ilipofika magharibi, mtaa mzima ukawasha pasi zake, taa za majirani zikawa rangi ya chai, mita ikasoma umeme unaoingia ni volti mia na sabini na nane. Tak. Upande wa kutokea ikasoma mia mbili ishirini na sita. Friji haikushtuka hata kidogo. Nasma akabusu mlango wake, baridi ile mdomoni, hakuona aibu.

Likabaki daftari la majaribio. Lina safu yake: kilichotokea, chanzo, kilichorekebishwa.

"Andika skrubu imechoma waya," Imakulata akasema. "Ya nani, usiandike. Mtani, nakusihi. Mkono wa nje, umesahau? Tutafukuzwa."

Nasma akatafuna kalamu. Mwaka mzima, usingizi wote ule, vidole vilivyoungua na solda, unaupeleka wapi? Neno moja tu usiliandike na kila kitu ni chako. Lakini kila akifumba macho aliona mikono ya Mudathir imenyooka kuelekea sanduku. Kama daftari lingesema uongo hapo, hata neno "Salama" alilokwisha kuliandika lisingekuwa na maana. Tena kosa halikuwa la Mudathir peke yake. Akaandika, Imakulata akisoma juu ya bega lake huku akiguna:

"Kilichotokea: taa imewaka yote. Chanzo: mapenzi. Mume wa mtahiniwa ameweka miguu. Kosa letu: tuliiona miguu, tukafurahi, hatukupima upya."

Jumatatu saa tatu. Mtahini alikuwa Bi Consolata Ernesti, mama wa makamo, miwani puani, uso ambao haukuonyesha kama umewahi kucheka. Wakampa shikamoo, akaitika bila kuinua macho. Akasoma daftari ukurasa baada ya ukurasa. Akafika pale, akasimama. Akasoma tena. Mwalimu Wilfred pembeni alikuwa ameanza kutokwa na jasho.

"Mwenye mapenzi yuko wapi?"

Alikuwa getini na birika lake, toka alfajiri. Akaletwa. Mudathir mwenye maneno kuliko birika na sinia alisimama mbele ya mama yule akakosa hata moja.

"Shikamoo," akafanikiwa mwishoni.

"Marahaba. Ni wewe uliyeweka miguu?"

"Ni mimi, mama. Hawa hawakujua. Kama kuna adhabu nipewe mimi."

"Adhabu yako ingetoka kwenye bati," Bi Consolata akasema. "Kaa pale." Akavua miwani, akawageukia wale wawili. "Sheria mnaijua. Mradi ulioguswa na mkono wa nje si wenu. Siwezi kuutahini."

Nasma akageuka kuitazama ile sheria mlangoni. Kumbe ndiyo imekwisha. Akaushika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo," mama akaendelea kwa sauti ileile, "fungueni kila kitu. Kila waya, kila skrubu, wekeni mezani. Kisha kijengeni upya mbele yangu. Kitakachosimama hapo ndicho nitakachokitahini. Mnao muda mpaka saa saba."

Halafu, sijui nikuelezeje, furaha ikawashika. Kufungua na kuunganisha! Si ndilo walilofanya miezi minne? Wakakivamia kile kisanduku kama wanawake wanaokuna nazi za karamu. Imakulata anavua nyaya, Nasma anapokea, mmoja akisema "nyutro" mwenzake ameshaishika. Hawakuhitaji mchoro. Wakaanza kutaniana bila kujijua, Mzigua hivi, Mnyamwezi vile, Imakulata akapiga mluzi wimbo wa kwaya, na Bi Consolata akavuta kiti akaja kukaa karibu. Saa tano kasoro kila kitu kilikuwa mahali pake. Wakapima kwa mita. Wakapima tena. Nasma akaweka mkono mgongoni, bawabu akameta, akafifia.

"Ngoja," akasema Bi Consolata. Akavuta ile transfoma ya kuzungusha ya karakana, inayoshusha na kupandisha umeme upendavyo, akaishika mwenyewe. Akaushusha umeme mpaka mia na sabini. Tak. Akaupandisha mpaka mia mbili hamsini. Tak. Akaushusha ghafla, akaupandisha ghafla, kwa ukorofi kabisa, na sindano ya mita upande wa kutokea ikawa inacheza hapohapo kwenye mia mbili na ishirini na kitu, haiendi popote.

Akaandika alama, akatia sahihi, akafunika kalamu. Mwalimu Wilfred alikuwa amegeukia dirishani, anajifanya anatazama bajaji. Nasma alikaa sakafuni palepale na baibui lake, akawa analia na kucheka, hajui aanze na lipi.

"Inuka," akasema Bi Consolata. "Ya mtihani nimeyamaliza, sasa nina yangu." Akashusha sauti kidogo. "Kwangu jioni friji inakoroma kama mgonjwa. Fundi, lini una nafasi?"

Nasma akamtazama. Miaka arobaini na sita ameitwa njoo, ameitwa upesi, ameitwa sasa hivi. Kuulizwa kama ana nafasi, hilo hakulisikia hata siku moja. Akainuka. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akachukua daftari, akafungua kurasa za nyuma, nyeupe tupu, akaanza kuzipekua moja moja, kidole kinashuka polepole, amekunja uso kama mtu mwenye kazi za mji mzima. Imakulata akajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika.

"Alhamisi," akasema Nasma. "Lakini mapema."